Kipengele cha Saba

Mjukuu wangu tunamwita Dharura. Jina hilo alilipata akiwa na miaka minne, kwa sababu kila alichokitaka alikitaka sasa hivi: maji sasa hivi, kiatu sasa hivi, kubebwa sasa hivi. Leo ni binti wa chuo, anasomea mambo ya kompyuta, na jina lile bado linamkaa sawasawa, halibani wala halipwayi.

Jumatatu asubuhi aliingia chumba changu cha kazi wakati natia uzi kwenye sindano ya cherehani. Kazi hiyo siku hizi siichanganyi na mazungumzo, maana tundu la sindano limekuwa likipungua mwaka hadi mwaka. Yeye hakungoja. Aliweka bahasha ya kaki juu ya kitambaa ambacho nilikuwa nimeshakichora chaki, akatoa rundo la karatasi, akafunua ya mwisho kabisa.

"Shikamoo bibi. Weka sahihi hapa tu."

"Marahaba, mke mwenzangu. Hapa tu ni wapi?"

"Hapa, kwenye huu mstari."

"Na hizi zote za juu yake zinasema nini?"

"Mambo ya chuo tu, bibi. Utajichosha bure."

Nikaiweka sindano chini. Mtu akiniambia nitajichosha bure, hapo hapo napata nguvu.

Ilinichukua robo saa kumtoa habari yenyewe. Walikuwa wamepewa kazi ya kikundi. Watafute mtu mwenye shughuli ya kweli, wamuulize anahitaji nini, kisha waandike hati ya mahitaji, yaani maandishi yanayosema programu watakayoitengeneza itafanya nini na nini haitafanya. Waiandike kwa lugha ambayo mwenye shughuli anaielewa. Naye aisome, na akiridhika atie sahihi. Hati ifike mezani kwa mwalimu wao Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Mwenye shughuli waliyemchagua ni mimi, fundi cherehani, na habari ya kuchaguliwa kwangu naipata kalamu imeshawekwa mkononi.

"Mliniuliza lini ninachohitaji?"

"Bibi, mimi nimekulia humu ndani. Nikuulize nini tena?"

Basi nikamwambia aniachie karatasi. Uso wake ukabadilika. Nami najua kwa nini. Somo hilo hilo lilimwangusha mwaka jana, kikundi chake kilipogombana hadi kila mtu akashika njia yake. Chuo chao kinaruhusu kurudia mara moja tu. Akianguka tena, anatolewa kwenye kozi, na miaka miwili ya kukesha na vitabu inakwenda na maji.

"Ijumaa, bibi," alisema akiwa mlangoni. "Saa sita. Si sita na dakika moja."

"Leo Jumatatu," nikamwambia. "Na wewe kuzaliwa ulikawia siku tisa. Tulingoja."

*

Mimi niliishia darasa la sita. Kusoma najua, ila nasoma kama ninavyoshona pindo, kidole kinatangulia na jicho linafuata. Kurasa zilikuwa arobaini na moja. Nikachukua chaki ya bluu, ile ninayochoria vitambaa vyeupe, nikaanza.

Ukurasa wa kwanza ulisema mfumo utakuwa rahisi kutumia. Nikaweka alama ya chaki. Ukurasa wa pili, mfumo utakuwa wa haraka. Alama. Wa tatu, mfumo utakuwa na mwonekano mzuri na wa kuvutia. Hapo nilicheka peke yangu. Kwangu wanakuja watu kila siku wanasema, "Fundi, nishonee nguo nzuri." Nzuri haiandikwi kwenye daftari langu. Naandika bega kumi na tano na nusu, kiuno thelathini na mbili, urefu hadi chini ya goti vidole viwili. Kisha mwenye nguo anasoma vipimo vyake na kutia sahihi pembeni, ndipo nashika mkasi. Utaratibu huo niliuanza baada ya bibi mmoja kuagiza mikono mirefu, halafu akaja kuniapia mbele ya watu kwamba alisema mifupi.

Ukurasa wa tisa ulianza vizuri. "Mteja akifika, apimwe." Nikasema haya, hapa sasa tunaelewana. Nikasogeza kidole. "Apimwe uzito, joto la mwili na mapigo ya moyo."

Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Maneno yalikuwa pale pale.

Kutoka hapo sikuweza kuiacha ile hati. Chakula cha mchana kilipoa. Ukurasa wa kumi na nne ulisema mfumo uonyeshe vitanda vilivyo wazi. Ukurasa wa ishirini na mbili ulisema mteja akizidiwa, fundi wa zamu aitwe mara moja. Na ukurasa wa thelathini, ambao niliusoma mara tatu kwa raha zangu, ulisema hivi: "Mteja akifariki, fundi athibitishe kifo, ajaze fomu, na ndugu wajulishwe ndani ya saa mbili."

Nikamtumia Dharura ujumbe kwa simu: *Njoo kesho na wenzako wote. Njooni na kitanda.*

*

Jumanne walikuja watatu. Dharura mbele, nyuma yake kijana mrefu mwembamba aliyezungukwa shingoni na nyaya, mmoja wa vipokea sauti, mwingine wa chaji, mwingine sikujua wa nini. Huyo wanamwita Waya. Wa mwisho alikuwa binti mdogo wa umbo aliyesalimia kwa sauti ya kuazima, akakaa kwenye kigoda pembeni na kijitabu chake. Huyo ni Nukta.

Niliwasomea ukurasa wa thelathini kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Dharura akafumba macho. Waya akaanza kuzishughulikia nyaya zake.

"Mume wangu mdogo," nikamwambia Waya, "nguo zangu zinabana, sikatai. Lakini hazijafikia huko."

"Bibi, ilikuwa... tulipata hati ya kikundi cha mwaka juzi. Yao ilikuwa ya hospitali. Mimi nikaiamuru kompyuta, kila penye mgonjwa iweke mteja, na kila penye daktari iweke fundi."

"Ukasahau vitanda."

"Nikasahau vitanda."

"Na joto la mwili?"

"Na joto la mwili, bibi."

"Kwa hiyo mtu akija kupunguza suruali, nimtie kipimajoto."

Nukta akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake halisi, na ilikuwa nene kuliko nilivyodhani.

Dharura hakucheka. "Bibi, tucheke baadaye. Tuambie unataka nini, tuandike, utie sahihi. Leo hii tumalize."

"Sijui ninachotaka."

"Utakosaje kujua?"

"Wanaokuja kwangu nao hawajui. Anasema anataka gauni la kubana, kumbe anataka kukaa kwenye kiti muda wa saa nne akisikiliza hotuba. Namuuliza unakwenda nalo wapi, utakaa au utasimama, utabeba mtoto? Ndipo napima, maana nzuri haiandikwi, kinaandikwa kipimo. Nyie kaeni hapa kesho kutwa nzima. Msiniulize kitu. Tazameni tu, mwandike mnachokiona."

"Kutwa nzima! Bibi, Jumatano yote?"

"Na viatu mvue, nimepiga deki."

*

Siku ya Jumatano nilivaa khanga mpya na nikafagia chini ya meza ya kukatia, mahali ambapo ufagio haukuwa umepita muda mrefu. Mtu akijua anatazamwa hujitengeneza, nami ni mtu.

Chumba changu ni kidogo. Mlango unatazama barabara. Cherehani iko dirishani, meza ya kukatia iko katikati, pasi juu ya rafu, na ukuta wa nyuma una kamba inayobeba nguo zilizokwisha. Chini ya kamba lipo kapu kubwa la vitambaa ambavyo bado, kila kimoja kimefungwa na kubanwa kikaratasi cha jina. Kapu hilo huwa nalifunika na shuka. Waya alikaa karibu na kapu, Dharura karibu na mlango akitikisa mguu, Nukta kwenye kigoda chake.

Wateja wakaja. Mwenye duka la vitabu akaulizia shati lake. Mwalimu wa chekechea akaulizia sketi. Mama mmoja wa jirani akaleta mapazia. Nilimpokea kila mtu kwa bashasha, nikauliza hali za nyumbani, nikacheka nao, na wote wakaondoka wakitabasamu. Nikajisema moyoni, waandike hayo.

Alasiri aliingia nesi mmoja ambaye namshonea miaka mingi. Alikuwa ametoka zamu, viatu kavishika mkononi, kavaa ndala.

"Mama, sare yangu?"

"Kesho, mwanangu. Kesho bila kukosa."

Nesi akakaa kidogo kwenye benchi kupumzisha miguu. Dharura akaona nafasi ya kujikosha, akamwonyesha zile karatasi za zamani tucheke pamoja. Nesi akasoma ukurasa wa kumi na nne, kisha wa ishirini na mbili.

"Mbona hii ni wodi yetu kabisa?" akasema. "Hata vitanda havitoshi vivyo hivyo."

Tukacheka wote. Ndipo Nukta, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa, akamuuliza kwa adabu, "Samahani dada, sare hiyo umeijia mara ngapi?"

"Hii ya leo?" Nesi akahesabu kwa vidole. "Mara nne. Jumatatu ile, Alhamisi, juzi, na leo."

"Na kutoka kazini hadi hapa ni mbali?"

"Kwa miguu dakika arobaini. Lakini mama hana ubaya," akaongeza haraka akinitazama. "Mama hawezi kumwambia mtu hapana. Ndiyo tabia yake, tumeshamzoea."

Akaaga, akaenda zake na viatu mkononi. Mimi nikageukia cherehani na kuanza kuizungusha, ingawa chini ya sindano hakukuwa na kitambaa.

*

Alhamisi walileta hati mpya. Kurasa tisa tu, na kila mstari nilikuwa naufahamu. Mfumo utunze vipimo vya kila mteja na tarehe aliyopimwa. Mteja avisome na kuvikubali kabla kitambaa hakijakatwa. Maandishi kwenye skrini yawe makubwa, fundi ayasome bila miwani akiwa umbali wa mkono mmoja. Fundi aweze kumpata mteja kwa kugusa mara tatu, si zaidi. Niliona wamenisikia. Kila mahali walipokuwa wameandika rahisi na haraka, sasa palikuwa na kipimo.

Nikafika kipengele cha saba.

"Mfumo usimruhusu fundi kuahidi nguo kesho ikiwa kazi za kesho zimejaa. Mfumo uonyeshe siku ya kweli ambayo nguo itakuwa tayari, na siku hiyo ndiyo atakayoambiwa mteja."

Nikakisoma tena na kidole.

"Hiki kimetoka wapi?"

Wakatazamana. Nukta akafungua kijitabu chake, akanionyesha ukurasa uliojaa vijistari vya kalamu. "Bibi, jana ulisema 'kesho' mara kumi na moja."

"Kusema kesho ni adabu tu. Ni kama kusema karibu."

"Na kwenye kapu," Waya akadakia, "mna vitambaa kumi na tisa. Samahani bibi, shuka liliteleza."

"Shuka langu halitelezi hata siku moja."

"Liliteleza nikilivuta kidogo."

Nilimtazama Dharura, nikitegemea damu yangu iniokoe. Yeye akakohoa. "Bibi, wewe ndiye uliyesema hatuandiki nzuri, tunaandika kipimo. Hiki ndicho kipimo chako."

"Kifuteni."

"Bibi!"

"Nimesema kifuteni. Mtu ameshona miaka arobaini na mbili, leo aje asomwe chuoni na watu asiowajua kwamba ni mwongo? Kifuteni hicho, nitatia sahihi sasa hivi. Msipokifuta, kaeni na karatasi yenu."

Wakakusanya vitu vyao, Waya akabeba nyaya zake, Nukta akaaga kwa ile sauti ya kuazima. Dharura alitoka bila kuniambia lolote kuhusu saa sita. Hilo lilinichoma kuliko kijitabu.

Nilibaki na kazi yangu. Nikafunua kapu, nikatoa kitambaa cheupe cha nesi, nikakitandaza. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika kumi. Sijui kilichonituma, nikachukua daftari nikaandika saa hiyo. Nikakata. Nikaandika tena. Nikaunga mabega, nikatia kola, nikapachika mikono, nikarudia mkono wa kushoto uliokuwa umejikunja, nikaandika. Nilipofika kwenye pindo nilikuwa nimetumia saa mbili na nusu, na vifungo bado, na pasi bado.

Nikapiga hesabu ya darasa la sita. Siku yangu moja, nikiacha kusalimiana na watu, inatosha nguo tatu. Nikiwasalimia ni mbili. Na kapuni zimo kumi na nane, hiyo ya kumi na tisa iko mikononi. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nampa kila mtu siku moja ile ile, kesho, na wote hawawezi kuenea humo.

*

Siku ya Ijumaa, saa tatu na nusu asubuhi, Dharura aliingia peke yake, anahema. Akaweka hati mezani, akafunua ya mwisho.

"Shikamoo bibi. Tumekifuta. Weka sahihi hapa tu."

Aliyasema yale yale ya Jumatatu, ila safari hii hakunitazama usoni.

Nikachukua karatasi, nikaanza ya kwanza, kidole kikitangulia.

"Bibi, ni ile ile! Tumetoa kimoja tu!"

"Ndicho ninachokitafuta."

Nilifika cha sita. Baada ya hapo waliweka habari ya simu kuishiwa chaji, wakaipa namba saba. Nikarudisha hati mezani.

"Hii siitii sahihi."

Mjukuu wangu alikaa kwenye benchi la nesi. Machozi yakaanza, hakuyafuta. "Bibi, jana ulikataa kwa sababu kipo. Leo unakataa kwa sababu hakipo. Unataka nifukuzwe?"

"Nataka kilicho cha kweli. Kirudishe."

"Ile yenye kipengele ilikuwa kwa Waya, na Waya yuko upande wa pili wa mji! Kuchapisha upya ni foleni! Saa sita, bibi!"

"Lete kalamu."

"Kalamu ya nini?"

"Mmeandika hati ya mahitaji ya nani? Si yangu? Basi cha saba naandika mwenyewe."

Nikakata namba saba yao kwa mstari ulionyooka, nilioupiga kwa rula ya kukatia, nikaifanya ya nane. Pembeni palikuwa na nafasi pana. Nikaandika kwa mwandiko wangu wa shule, ule wa herufi zinazoshikana mikono: *7. Mfumo usimruhusu fundi kusema kesho kama kesho imejaa. Siku moja ni nguo mbili. Nimepima mwenyewe jana kwa saa ya ukutani.*

Dharura alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, anasoma kila herufi inavyotoka. Pumzi zake zilikuwa zimetulia.

Nikaongeza chini yake: *Na ukimwambia mteja siku ya mbali, umwambie kwa upole.*

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Upole ni kipimo gani, bibi? Vidole viwili? Kumi na tano na nusu?" Machozi yalikuwa bado shavuni lakini mdomo ulishaanza kupinda kwa kicheko. "Mwalimu atalikata. Weka kipimo."

Nikafikiri. Muda ulikuwa unakwenda, lakini swali lilikuwa la haki. Nikakata neno upole, nikaandika: *Aanze kusema karibu, aulize habari za nyumbani, ndipo ataje siku.*

"Hiyo inapimika," akasema Dharura.

Nikatia sahihi. Akainyakua karatasi wino haujakauka, akafika mlangoni, akarudi, akanibusu kichwani, akakimbia. Kwa mara ya kwanza nilifurahi kwamba binti huyu ana haraka.

Alinipigia simu saa sita na robo. Alikuwa ameikabidhi zikiwa zimebaki dakika nane. Mwalimu aliipitia pale pale akiwa amesimama, akafika kipengele cha saba, akauliza mwandiko huo ni wa nani. Akamjibu ni wa mteja. Akauliza mteja huyo amesomea wapi. Akamjibu, cherehani. Mwalimu akasema hati imepokelewa, wameruhusiwa kuendelea kutengeneza mfumo, na kikundi chake hakijaanguka, ila wasirudie kuchora mistari kwa rula ya kukatia kwenye kazi rasmi.

"Mwambie rula yangu imenyooka kuliko yake," nikasema.

Jumamosi asubuhi nesi alikuja. Sare yake ilikuwa imening'inia kwenye kamba, imepigwa pasi, vifungo vyote vimo. Aliishika kama mtu aliyepewa ya mwingine. Nyuma yake aliingia mama wa mapazia. Dharura alikuwa ameketi kwenye kigoda cha Nukta, anafungua mishono kwa wembe, jicho moja kwangu. Mfumo wenyewe haukuwepo bado, hata skrini moja.

"Fundi, mapazia yangu lini?" akauliza yule mama.

Nikafungua mdomo, na lile neno likaja lenyewe hadi kwenye meno. Dharura akakohoa.

"Karibu," nikasema. "Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mapazia ni Jumanne, si hii inayokuja, ni ile inayofuata. Jioni."

Yule mama alinitazama, akamtazama nesi, akarudi kwangu. Kisha akasogea, akanishika paji la uso kwa kiganja.

"Mama," akasema, "unaumwa?"

"Mpime joto," Dharura akajibu bila kuinua kichwa kwenye wembe wake. "Ukurasa wa tisa."